Nyumba ya Mawe Ikirowa: Jua Maji Yatokako Kabla Hujamwita Fundi

Masika yakishakatika, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar hujaa sauti za tindo. Huyu anabandua plasta iliyofura, yule anakwangua rangi, mwengine ameshakoroga saruji yake kwenye karai. Mwaka unaofuata, mwezi wa Mei, ni ukuta ule ule, pahala pale pale. Nyumbani kwetu Mkunazini tulifanya hivyo mara nne. Pesa tulizozika kwenye ukuta mmoja wa chumba cha chini zingetosha kuezeka upya upande mzima wa paa, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye paa.

Naandika kwa mwenye nyumba na mpangaji anayeona doa na hajui aanzie wapi. Maji huingia ukutani kwa njia chache: kutoka ardhini, kutoka juu, kutoka kwenye bomba au choo, kutoka hewani, na kwa chumvi iliyokwisha kujificha ndani ya ukuta wenyewe. Dawa ya moja si dawa ya jengine. Mara nyengine ukitumia dawa ya hili kwa ugonjwa wa lile, unaumaliza ukuta.

Ukuta wenyewe ukoje

Kuta za nyumba zetu za zamani ni vipande vya jiwe la matumbawe vilivyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa sentimita 50 au 60, pengine zaidi. Katikati hakuna jiwe zima, ni mawe madogo na mchanganyiko huo huo. Ukuta wote una vitundu, unanywa maji kama sifongo. Wazee wetu walilijua hilo. Hawakuuzuia usinywe, waliuachia nafasi ya kuyatoa: plasta ya chokaa ndani na nje, chokaa ya kupaka juu yake, madirisha marefu yanayokabiliana, na ghorofa ya chini ikawa ghala au duka. Watu walilala juu, kwenye upepo. Leo chumba kilichokuwa cha magunia ndicho tunacholaza watoto. Tumekitia vigae, rangi ya mafuta na kiyoyozi, kisha tunashangaa kina harufu.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe letu na haiachii maji yatoke upesi. Ukiipaka juu ya ukuta wa aina hii, maji yaliyomo ndani hayapati pa kutokea, basi hupanda mpaka yakute mwisho wa saruji. Ndiyo maana doa lililokuwa gotini, baada ya matengenezo linakuja kutokeza kifuani. Watu husema unyevu umeongezeka. Mara nyingi ni ule ule, umefungiwa njia tu.

Nyumba za matofali ya saruji, ziwe Jang'ombe, Fuoni au Wete, zina tabia nyengine, na nitasema pale zinapotafautiana. Lakini upelelezi ni mmoja.

Penseli kabla ya tindo

Chukua penseli. Zungushia doa mstari pale unyevu unapoishia, andika tarehe pembeni, na urudi kila baada ya wiki mbili. Hakuna kifaa cha duka kitakachokwambia zaidi ya hiyo penseli, ila lazima uwe na subira ya kupita msimu mmoja angalau.

Doa likikua masika na vuli, likarudi nyuma Januari, maji ni ya mvua. Likikaa vile vile mwaka mzima, na hasa likikolea siku ambazo maji ya mfereji yametoka kwa wingi, shuku bomba. Likitokea Februari na Machi, joto limekaza, kaskazi inavuma, mvua hakuna, basi maji yanatoka hewani. Na likija na kuondoka siku hiyo hiyo, asubuhi ukuta umerowa, mchana umekauka, soma sehemu ya chumvi huko mbele.

Jengine la kufanya mapema ni kutenganisha chumvi na ukungu. Vyote viwili vinaweza kuwa vyeupe. Kwangua kidogo utie kwenye kijiko cha maji: chumvi itayeyuka, ukungu utabaki unaelea. Ukungu una harufu ya nguo iliyovunda, chumvi haina harufu. Mwenye mtoto wa pumu asiukwangue ukungu mtoto akiwa ndani.

Doa la chini, lenye unga mweupe kwenye ukingo wake

Hili ndilo malalamiko namba moja, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe lenye vitundu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili. Hupanda mpaka pale yanapokauka kwa kasi ile ile yanayopandia, kwa kawaida chini ya kimo cha mtu. Yanapokauka huacha chumvi. Chumvi ikikaa ndani ya vitundu hugeuka chembe ngumu, chembe zinatanuka, plasta inasukumwa, inafura, inaanguka.

Lakini usiseme "ni maji ya ardhini" kwa haraka. Toka nje kwanza.

Tazama usawa wa njia. Kichochoro kilichomwagiwa zege tabaka juu ya tabaka kinaweza kuwa kimepanda kuliko sakafu yako, na kila mvua inayosimama hapo inaegemea ukuta wako. Tazama baraza. Baraza iliyopigwa saruji ikainamia ukutani hukusanya maji kwenye kona, nayo yakanyweka polepole. Mwaga ndoo ya maji juu yake uone yanakwenda wapi. Tazama bomba la kushushia maji ya paa: likiishia hewani, maji yanapiga chini na kuruka, na ukuta unarowa kiasi cha goti kwa nje bila ardhi kuhusika kabisa. Tazama karo la choo liko umbali gani na kama limejaa. Tazama uani: bustani iliyopandwa kando ya ukuta na kumwagiliwa kila jioni ni chemchemi uliyojichimbia mwenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Pemba kuna moja la ziada. Kisiwa ni vilima na mvua ni nyingi kuliko Unguja. Nyumba nyingi zimechongewa mlima, udongo wa nyuma umeegemea ukuta mpaka kwenye madirisha. Ukuta huo hauponi kwa rangi wala plasta. Udongo uondolewe mpaka chini ya usawa wa sakafu, uachwe mtaro wenye mteremko unaotoa maji pembeni. Kazi ni ya jembe, na haina njia ya mkato.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu doa letu lilikuwa hivi hivi: chini, unga mweupe, plasta imefura. Mafundi watatu walikuja, wote wakatazama doa. Wa nne alikuwa mwashi mzee wa Malindi. Nilimwamkia, akaitikia, hakutazama doa hata kidogo. Alitoka nje akainua kichwa.

"Mwanangu, huku chini unatibu bure. Mgonjwa wako yuko juu."

"Juu wapi, mzee? Ghorofani pakavu."

"Panda ukatazame mlizamu, halafu uje unambie."

Nilipanda. Mlizamu, gata kama wasemavyo mafundi wa sasa, ulikuwa umetoboka nyuma, upande wa ukuta, pahala ambapo mtu aliyesimama chini haoni. Kunguru walikuwa wamejenga tundu la vijiti na nyaya ndani yake, maji yakawa yanafurika na kuingia kichwani mwa ukuta. Ndani ya ukuta kuna mawe madogo na udongo, kwa hivyo maji yaliteremka katikati ghorofa mbili nzima bila kuonekana, yakatokeza chini kwenye saruji yetu. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu linakwenda kinyume na akili ya kila mtu: pahala maji yanapotokea na pahala yalipoingia panaweza kuachana mita nane.

Kwa hivyo doa la chini, kagua nje, kisha kagua juu, na baada ya hapo ndipo uilaumu ardhi.

Doa la juu, au linaloteremka kama utepe

Hapa chanzo ni paa, asilimia kubwa. Mapaa yetu ya mabati yameinama kwenda kwenye milizamu iliyobanwa kati ya nyumba na nyumba, na huko majani, chupa za maji na tundu za kunguru hujaa. Kila mwaka mwanzoni mwa Machi, kabla ya mvua ya kwanza, mtu apande asafishe, na arudie tena Septemba kabla ya vuli. Misumari ya bati ambayo mpira wake umekauka huvuja tone kwa tone. Tone moja kwa dakika, miezi mitatu, linaozesha boriti.

Mche ulioota kwenye ufa wa ukuta usiung'oe kwa nguvu. Mizizi imeshika mawe, utatoka na ukuta. Ukate, upake dawa ya kuua magugu kwenye kisiki kibichi, usubiri ukauke, kisha ujaze ufa kwa chokaa na vijiwe.

Boriti ndiyo sababu doa la juu lisisubiri. Sakafu za ghorofa na dari za nyumba hizi zimelazwa juu ya magogo ya mikoko, na upana wa vyumba vyetu ulifuata urefu wa magogo hayo, kiasi cha mita tatu hivi. Vichwa vya boriti vimeingizwa ndani ya ukuta. Katikati ya boriti panaweza kuwa pazima kama siku ya kwanza, na kichwa kimekuwa unga. Mtihani wake ni bisibisi nyembamba: ichome pale boriti inapoingia ukutani. Ikisimama baada ya milimita mbili tatu, uhai upo. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, kichwa kimekwisha. Gonga kwa nyundo ndogo pia; boriti nzima inalia kwa sauti kali, iliyooza inajibu kwa sauti ya bubu. Njia za udongo za mchwa ukutani zinakwambia jambo hilo hilo, maana mchwa hufuata mbao yenye unyevu.

Na hapa sitaki mtu anisome vibaya. Ukiona sakafu ya ghorofa imebonyea, ukuta umetoa tumbo, au ufa karibu na vichwa vya boriti unapanuka wiki hadi wiki, usiendelee na mtihani wowote. Toa watu chumba hicho na kile kilicho chini yake, leo. Sote tunaikumbuka siku ya tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu, na watu wakafariki, wakati kazi ya matengenezo ikiendelea. Jengo la mawe linaweza kusimama miaka mia na zaidi likiugulia ndani. Ufa ambao hujui kama unatembea ubandikie kipande chembamba cha jasi, uandike tarehe. Jasi ikipasuka, ukuta unatembea.

Doa lisilojali msimu

Ghorofa moja ilikuwa ya familia moja na choo kimoja. Sasa ina familia tatu, na kila moja imejitilia choo chake na bafu, mabomba yamechimbiwa humo humo ukutani. Doa lisilokauka Januari, lililoko chini au pembeni mwa bafu la juu, anza nalo hapo.

Kama nyumba ina tangi, jaribio ni la usiku mmoja. Lijaze, funga maji yanayoingia, hakikisha hakuna anayetumia, weka alama ya kimo cha maji, kisha ulale. Asubuhi maji yakiwa yameshuka, kuna pahala yanakwenda. Rudia usiku wa pili umefunga valvu inayoteremsha maji ndani ya nyumba: yakishuka tena, tangi lenyewe au kiungo chake kinavuja, yakibaki, uvujaji uko kwenye mabomba ya ndani. Mwenye mita afunge mifereji yote atazame kama namba zinazunguka.

Jaribio hilo halikamati maji machafu, kwa sababu bomba la kutolea halina maji muda wote. Kwa hayo tia rangi ya chakula, nyekundu au buluu, kwenye tundu la bafu pamoja na ndoo mbili za maji, utazame doa kwa siku mbili. Plasta ya chokaa huionyesha rangi vizuri. Na jambo dogo linalosahaulika: bomba jembamba la kiyoyozi linalodondokea ukutani. Nimeona ukuta wa nje, Vuga, wenye mstari wa kijani kibichi kuanzia ghorofa ya pili mpaka chini, na chanzo chote ni bomba la kiyoyozi lililokosa nusu mita ya urefu.

Ukuta uliorowa wenye soketi au nyaya ndani, zima umeme wa upande huo kwenye swichi kuu kabla hujaugusa.

Ukuta unatoka jasho

Hewa yetu imebeba maji mengi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, na hiyo kwetu si ajabu siku za kaskazi, huacha maji juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 26 kushuka chini. Chumba kilichowekwa kiyoyozi nyuzi 18, mlango ukifunguliwa hewa ya nje ikaingia, kuta na vigae vinalia jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Nyuma ya kabati, ambako upepo haufiki, jasho hilo halikauki, ndipo unapokuta kanzu ya Idi ina madoa meusi.

Kuthibitisha, kata kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita, futa ukuta, kibandike kwa utepe mpana kingo zote nne pasipite hewa. Uache siku mbili. Maji yakiwa upande wa nailoni unaoelekea chumbani, yametoka hewani. Yakiwa upande wa nyuma, baina ya nailoni na ukuta, yametoka ndani ya ukuta. Jaribio hili halina gharama, na lingewaokoa wengi na plasta wasiyohitaji.

Dawa ya jasho ni upepo na kiasi. Kiyoyozi kikae nyuzi 25 au 26, na chumba kikipozwa kifungwe. Ama madirisha yafunguliwe upepo upite, lakini si vyote viwili kwa pamoja. Kabati lisogezwe mbali na ukuta kiasi cha kiganja kizima. Mvuke wa jikoni na wa nguo zilizoanikwa ndani utolewe nje. Yale matundu ya juu ya milango na madirisha ambayo tumeyaziba kwa ubao ili baridi isitoke, yaliwekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kutoa hewa nzito. Mimi kwa upande wangu nimeyazibua yote.

Hakuna mvua, hakuna bomba, na bado ukuta unarowa

Huu ndio ukuta unaowachanganya mafundi wazuri. Chanzo kilishatibiwa mwaka juzi, paa zima, bomba zima, na ikija siku ya mawingu ukuta unakolea rangi kama umemwagiwa maji. Jua likitoka unapauka.

Ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta mvuke na kuyeyuka yenyewe hewa ikifika unyevu wa asilimia 75, na sisi tunapita hapo siku nyingi za mwaka. Kila mama wa hapa anayetia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi analijua hili. Ukuta uliolishwa chumvi miaka ishirini unafanya kama kichupa kile. Chumvi imeletwa na maji ya ardhini karibu na bahari, au na karo, au imetiwa na sisi wenyewe: mchanga wa pwani usiooshwa, maji ya kisima cha chumvi kwenye karai.

Unga ukitokeza, ufagie kwa brashi kavu, uukusanye kwenye gazeti, uutupe mbali na nyumba. Usiuoshe, maana maji yataurudisha ndani. Kwa chumvi nyingi kuna njia ya polepole ninayoiamini, na mimi huiita plasta ya kafara. Ukuta uliobanduliwa unapakwa plasta dhaifu ya chokaa yenye mchanga mwingi, haipakwi rangi, inaachwa mwaka mmoja. Chumvi inahamia humo, plasta inachakaa na kumung'unyika. Unaibandua na chumvi yake, unapaka nyengine. Huenda ukafanya hivyo mara mbili. Mwenye haraka haipendi njia hii, lakini ukuta unapona.

Sakafu

Vigae vinanyanyuka, mkeka unaota ukungu chini, zulia linanuka. Fanya jaribio la nailoni sakafuni. Nyumba za zamani zilikuwa na sakafu ya chokaa iliyopigwa, nayo ilipumua. Vigae havipumui, na maji yaliyokuwa yakitokea katikati ya chumba sasa yanasukumwa pembeni, yanapanda ukutani. Kabla ya kulaumu ukuta jiulize lini vigae vilitiwa na lini doa lilianza.

Kwa anayejenga sasa, iwe Fuoni au Chake Chake, ni rahisi na ni mara moja tu: mawe na kifusi kilichoshindiliwa, mchanga wa kulainisha, nailoni nzito ya ujenzi yenye unene usiopungua robo ya milimita, viungo vyake vipandiane sentimita 30, kisha zege. Na nailoni hiyo ipande kukutana na tabaka la kuzuia maji lililolazwa juu ya msingi chini ya tofali la kwanza. Wengi hutia la sakafu wakasahau la ukutani, maji yakapita baina yao.

Nyumba zenye uvungu

Nyumba za mbao zilizoinuliwa kwa nguzo zimezidi upande wa mashamba na pwani, Nungwi, Paje, Jambiani. Zina uvungu, na uvungu una maradhi yake. Dalili ni sakafu inayobonyea kwa mguu, mbao zinazojikunja kingo juu, harufu ya udongo ndani ya chumba, na mchwa.

Pita chini na tochi baada ya mvua kubwa. Maji yamesimama? Ardhi ya uvungu iwe juu kuliko ya nje na iiname kwenda nje. Mchanga unaoonekana mkavu bado hutoa mvuke usiku na mchana. Utandikie nailoni nzito, uikandamize kwa mawe. Pande za uvungu zisizibwe kwa makuti, wala uvungu usiwe stoo ya kuni na maboya. Nguzo isigusane na udongo, ikae juu ya kitako cha zege. Na kama chumba cha juu kina kiyoyozi, sakafu inapoa kwa chini, hewa ya uvungu yenye joto inaigusa na kuacha maji kwenye mbao, hata kama hakuna tone la mvua lililofika. Hapo nailoni ya ardhini haitatosha. Kiyoyozi kipandishwe nyuzi, na mbao za chini zikaguliwe kwa bisibisi kama boriti.

Baada ya chanzo kufungwa

Subiri. Ukuta mnene hukauka kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa mwezi hali ikiwa nzuri, kwa hivyo wa sentimita 60 unaokauka pande zote mbili unataka mwaka mzima. Bandua saruji kwa tindo na nyundo ya mkono, kuanzia pale inapolia utupu. Pahala iliposhika mpaka inang'oka na jiwe, iache. Kuipigania kunaharibu zaidi.

Chokaa ipakwe kipupwe, Juni mpaka Septemba, jua likiwa la upole. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyotiwa maji, ikae pipani chini ya maji wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora zaidi. Anayezima chokaa mbichi ajue inachemka na kurusha. Avae miwani, na ikimwingia jichoni asafishe kwa maji mengi mara moja aende hospitali. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa shimo uliooshwa. Mashimo makubwa yatomewe kwa vijiwe kwanza. Kila tabaka lisizidi sentimita moja hivi, liachwe ligande siku kadhaa, lakini lisikauke upesi: linyunyiziwe maji, lifunikwe gunia bichi. Fundi wako atataka kutia "saruji kidogo tu" ili ishike upesi. Mkatalie kwa adabu. Juu yake ipakwe chokaa, si rangi ya mafuta.

Ndani ya eneo la Mji Mkongwe, ambalo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kazi za ujenzi zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nenda kabla ya kuanza, ukachukue na picha za alama zako za penseli zenye tarehe. Kama nyumba ni ya wakfu au ya serikali, mwone kwanza mwenye dhamana, maana mlizamu wa nyumba ya ghorofa mbili hautengenezwi na mpangaji wa chumba kimoja.

Kwetu mlizamu ulibadilishwa Agosti, na saruji ikabanduliwa mwezi uliofuata. Alama ya penseli ya Mei iliyofuata ilikuwa chini ya ile ya kabla yake kwa upana wa viganja viwili. Plasta ya kafara bado iko ukutani, imeanza kumung'unyika chini ya dirisha, na kabati tumeliacha katikati ya chumba.